Kuchapa Maua kwa Nyundo: Sanaa ya Nje kwa Watoto

Ua bichi lina rangi ya kutosha kuacha sura yake kwenye kitambaa, mishipa ya petali ikionekana mmoja mmoja. Kazi hii inawafaa watoto wa miaka 5 na kuendelea, na ifanyikie nje, chini kwenye ardhi tambarare. Mezani nyundo hudunda na kelele huwachosha wote.

Kila mtoto apate kipande cha pamba nyeupe cha sentimita 20 kwa 20, nyundo nyepesi ya gramu 200 hadi 250, karatasi ya jikoni ya kufyonzea, tepu ya karatasi na ubao mgumu uliolainishwa. Ukague ubao kwa kiganja, kwa sababu kila mkwaruzo utajichora kwenye kazi. Polista (poliesta, kitambaa cha nyuzi za plastiki) usiitumie, maana haishiki rangi ya maua.

Hatua ya 1: Andaa kitambaa siku moja kabla

Hii ni kazi ya mtu mzima. Fua kitambaa kipya kwa sabuni na maji ya moto, kwani dawa ya kiwandani inayokikaza huzuia rangi isiingie. Kisha yeyusha vijiko 2 vya chai vya shabu ya unga (chumvi ya madini iitwayo pia alum) katika lita 1 ya maji ya moto, loweka vitambaa 10 usiku kucha, kamua na uanike. Shabu ndiyo inayoishikamanisha rangi na nyuzi. Kikauke kabisa, kikiwa na unyevu, rangi husambaa na ua hugeuka doa.

Hatua ya 2: Chuma maua

Chumeni asubuhi umande ukishakauka, na myatumie ndani ya saa moja au mbili kabla hayajanyauka. Chagueni yenye petali nyembamba na bapa: kosmosi, viola, petunia. Waridi zima halifai kwa unene wake, ila petali zake moja moja zinachapika. Majani machanga ya jimbi hutoa kijani safi. Kung'uteni kila ua, nyuki asije akaenda nalo. Mimea inayotoa utomvu mweupe iacheni, mingi huwasha ngozi na macho. Oleanda msiiguse kabisa, ina sumu.

Hatua ya 3: Punguza ua

Kata kikonyo hadi kwenye kitako, kisha ng'oa kitovu chenye chavua. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: kitako kinene huinua karatasi, nyundo haizifikii petali, na maji yake huchuruzika katikati ya picha.

Hatua ya 4: Panga na ufunike

Tandaza kitambaa juu ya ubao, laza maua kifudifudi bila kupandana, funika kwa karatasi ya jikoni ya tabaka moja, kisha ibandike kwa tepu pande zote nne. Tepu inashika kila kitu, kwa hiyo hakuna mkono unaobaki karibu na nyundo. Watoto wakae umbali wa mita moja na nusu hivi kati yao.

Hatua ya 5: Gonga

Mapigo yawe mafupi, mepesi na ya karibu karibu, kuanzia ukingo wa petali kuelekea katikati. Mtoto atataka kupiga kwa nguvu. Mzuie kwa upole, maana pigo kubwa huchana petali na kuzirusha pembeni. Mwonyeshe jinsi sura ya ua inavyojitokeza juu ya karatasi: sehemu iliyobaki nyeupe bado haijagongwa. Ua dogo huchukua dakika 2 hadi 4.

Hatua ya 6: Fungua na ukaushe

Bandua karatasi taratibu. Mabaki ya petali yaache yakauke kivulini, ndipo uyapanguse. Ukiyasugua mabichi yatapaka matope ya rangi. Kikikauka, mtu mzima apige pasi upande wa nyuma.

Haibiskasi nyekundu mara nyingi huchapika zambarau, na si kosa. Rangi yake hubadilika kulingana na asidi. Chapeni moja kwenye karatasi nene, mdondoshee tone la ndimu upande mmoja na maji ya magadi ya kuokea upande wa pili: kwa ndimu itaelekea wekundu, kwa magadi itaelekea buluu au kijani.

Kitambaa kilichochapwa kitundikeni mbali na jua kali. Kikichafuka, suuzeni kwa maji baridi tu. Sabuni huzigeuza rangi zilezile ambazo magadi yamezigeuza.