Spea za leza: mbona huyu auza bei hii na yule mara tatu yake

Ukianza kuchonga kwa leza hapa Mombasa, iwe ni vibao vya hoteli, zawadi za shule ama mapambo ya harusi, hukawii kufika pale pa kununua spea, na hapo ndo watu huniletea simu na picha mbili, kichwa cha leza hiki na kingine kama pacha wake ila bei mara tatu, na swali ni moja tu, nani hapa mwizi? Mara nyingi hakuna mwizi. Mara nyingine yupo, tena kwenye ile bei ya juu. Cha kufanya ni kuzilazimisha hizo bei mbili zizungumzie kitu kimoja, mana zilivyo hazifanyi hivo hata kidogo, moja yahesabu umeme nyingine yahesabu mwanga, moja iko China nyingine iko tayari mjini. Kamata kalamu.

Hatua ya 1. Andika namba, wachana na jina

"Moduli ya leza 12V kali sana" si habari. Andika urefu wa wimbi kwa nanomita (buluu huwa 445 mpaka 455, nyekundu 650 au 660, tyubu ya CO2, yani ile ya kioo yenye gesi ndani, ni 10,600), wati za mwanga, volti, na kipenyo cha lensi. Muuzaji akishindwa kukupa nanomita basi mpite, hata bei yake usiiandike.

Hatua ya 2. Uliza wati gani

Hapa ndo pesa nyingi hupotea kwa hivo tukae kidogo. Wati ni za aina mbili, zile ambazo mashine yala kutoka kwa adapta na zile zinazotoka mbele kama mwanga. Daiodi ya buluu, yani kile kipande kidogo ndani ya kichwa kinachotoa mwanga, hugeuza umeme kuwa mwanga kwa kama theluthi moja hivi na iliyobaki yote ni joto, ndo mana kuna feni pale juu yalia siku nzima. Sasa muuzaji mmoja aandika 40W kwa maandishi makubwa, halafu chini kabisa kwa herufi za chungu utaona mwanga ni wati 5 na nusu, na mwenzake aandika wati 5 na nusu peke yake kwa sababu yeye ni mkweli, na wewe wamwona huyu mkweli ndo ghali!

Njia ya kumnasa ni rahisi. Tazama adapta inayokuja na kichwa, zidisha volti kwa ampea. 12V mara 3A ni wati 36 za umeme, zote, pamoja na feni. Haiwezekani wati 36 ziingie zitoke 40 za mwanga, hata ukisoma dua. Ukichukua theluthi yake wapata kama 12, toa feni na hasara za driva (ule ubao unaoilisha daiodi umeme), ukiambiwa mwanga ni wati 10 hapo hata we wajua huyo amejipa moyo.

Jambo la pili, kwa hizi mashine zetu ndogo daiodi moja ya buluu ukitaka iishi hutoa kama wati 5 au 6. Kichwa cha wati 10 za kweli kina daiodi 2 na miali yake imeunganishwa kwa vioo vidogo ndani, cha wati 20 kina daiodi 4. Sasa daiodi 4 na kuzipanga zote zipige nukta moja ni kazi ya watu na ni vioo, kwa hivo wati 20 haiwezi kuwa bei ya wati 5 jumlisha mia mbili. Uliza tu, ndani mna daiodi ngapi? Ukijibiwa "ni wati 20 boss" ilhali hukuuliza hilo, umeshajibiwa.

Ukimaliza gawa bei kwa wati za mwanga. Hiyo ndo bei ya kwanza ya kulinganisha.

Hatua ya 3. Daiodi ilitoka wapi

Viwanda vya daiodi havitaki kuuza moja moja, vyataka kuuza kwa maelfu kwa watu wa projekta na magari. Ndo mana 2010 Casio walipotoa projekta zao zinazotumia leza ya buluu, watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wanunua projekta nzima na kuipasua, mle ndani mna daiodi 24, na hesabu ilikuwa yaingia kuliko kutafuta daiodi moja dukani. Biashara hiyo haijaisha. Daiodi nyingi za bei nzuri mtandaoni zimetolewa kwenye projekta, na si vibaya, ila daiodi iliyotumika haina saa ya kukuonyesha imewaka masaa mangapi, na tena daiodi huuawa na umeme tuli wa mkono wa fundi aliyeichomoa, yaweza kuwaka vizuri tu leo na kufifia baada ya mwezi.

Kwa hivo kuna bei tatu za halali: mpya ikiwa na karatasi ya kiwanda, iliyotolewa ikapimwa kwa mita ya mwanga, na iliyotolewa ikatiwa kwenye mfuko tu. Ya katikati ndo mimi huipenda. Muulize muuzaji aliipima kwa milliampea (mA) ngapi na ikatoa milliwati ngapi, aliyepima hujibu hapo hapo. Na kama wataka kujifunza tu usinunue chochote, nenda kwa mafundi wa kompyuta uombe draivu mbovu za kurekodi DVD, mle mna daiodi nyekundu ya kuchezea, ukiiua roho haiumi. Lakini miwani uwe nayo, hata kwa hiyo.

Driva nayo: ya bei rahisi ni rezista na matumaini, ya maana hushikilia mkondo usipande hata volti ikiyumba, na stima yetu wajua inavyoyumba.

Hatua ya 4. Kama ni tyubu ya CO2, chukua futi uipime

Tyubu ya kioo haiwezi kudanganya urefu wake. Hesabu ya haraka ni kama wati 50 kwa kila mita ya gesi inayowaka. Ile ya mashine ndogo inayoitwa K40 ina milimita 700 kutoka ncha hadi ncha na yauzwa kama wati 40, ukweli ni 30 na kitu. Ukipewa tyubu ya milimita 700 imeandikwa 50W, walichofanya ni kuisukuma mkondo mwingi zaidi wakapima, na huo mkondo waila tyubu. Hiyo ndogo mi huiweka chini ya mA 18 daima.

Pili uliza tarehe ya kutengenezwa. Ndani mna mchanganyiko wa kaboni dayoksaidi, naitrojeni na heliamu, na heliamu ni jepesi mno, huvuja pole pole hata tyubu ikiwa imelala kwenye boksi. Ndo utakuta mtu auza tyubu "mpya kabisa" bei ya kutupa, na ni mpya kweli, haijawahi kuwashwa, ila imekaa stoo mpaka gesi yenyewe imechoka.

Tatu, waranti. Huyu wa bei ya juu mara nyingi amekubali kukubadilishia ikifa, na yeye ajua mjini hapa zafa vipi. Kuna mtu hujaza ndoo maji ya kisima, yale yetu ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme, na tyubu yatumia zaidi ya volti 10,000, hebu fikiria. Tumia maji yaliyotoneshwa, au haya maji ya betri ya petroli stesheni kama ni safi. Mwengine atia barafu nyingi kwenye ndoo, na kwa unyevu wa pwani tyubu yatoka jasho kama chupa ya soda, cheche zaruka kwenye huo unyevu na kioo chapasuka. Muuzaji mwenye waranti ameshaweka hasara za watu hao kwenye bei yako wewe. Si haki lakini ndo biashara, na ukijua kuitunza waweza kununua kwa asiye na waranti na ukaokoa.

Hatua ya 5. Lensi na vioo

Lensi za CO2 ni zinki selenaidi, rangi ya machungwa hivi. Bei hutofautiana kwa usafi wa hiyo malighafi na kwa rangi ya juu inayozuia mwanga kurudi, vitu ambavyo kwa macho huvioni. Kwa hivo hapa jina la muuzaji lina uzito kuliko picha.

Vioo vya kuakisi ndo hesabu yake yaonekana. Mashine ina vioo 3. Kila kimoja kikirudisha 98% mwishoni wabaki na 94%, kila kimoja kikirudisha 95% wabaki chini ya 86%. Yani wati zako 30 zakuwa 28 ama zakuwa chini ya 26, kwa vioo tu. Kioo cha kawaida kilichopakwa dhahabu ni rahisi ila hakipendi joto, cha silikoni kilichopakwa dhahabu huakisi vizuri zaidi lakini ukikisugua kwa nguvu rangi yatoka, na molibdenamu ni chuma kitupu, chaakisi kidogo chini ya hicho lakini wakifuta kila siku na hakisemi kitu. Kwa vumbi na chumvi ya huku mi nashauri molibdenamu, hasa kama karakana iko karibu na bahari.

Hatua ya 6. Miwani, hapa usibishane bei

Ile ya plastiki ya kijani inayokuja bure kwenye boksi haina maandishi yoyote, itupe. Ya kweli imeandikwa nanomita inazozuia na namba ya OD, yani yafifisha huo mwanga kiasi gani. Polikaboneti nyeupe huzuia CO2 lakini buluu yapita moja kwa moja mpaka kwenye jicho, kwa hivo miwani ya rafiki yako si lazma iwe yako. Hata vile vitochi vya leza vya kijani vya bei rahisi, mwanga wake huanza kama infraredi isiyoonekana, na chujio la kuizuia ndo kitu cha kwanza kuachwa ili bei ishuke. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, walitoa matokeo 2013 baada ya kupima vitochi 122, na karibu 90% ya vile vya kijani havikukidhi masharti ya usalama ya serikali ya Marekani.

Hatua ya 7. Ilete Mombasa kwenye karatasi

Bei ya China si bei. Ushuru huhesabiwa juu ya bei ya kitu pamoja na usafiri na bima, halafu VAT 16% yahesabiwa juu ya hiyo jumla pamoja na ushuru wenyewe. Tuseme kitu na usafiri ni shilingi 10,000 na ushuru wake ni 10%, hapo ni 11,000, VAT ni 1,760, umefika 12,760 na bado ada ya IDF (fomu ya kutangaza mzigo unaoingizwa nchini), tozo ya reli, na ajenti. Wale wanaokusanya mizigo kutoka China huchaji kwa kilo kila kitu ndani, yafaa kwa lensi na vioo, kwa tyubu hapana, mana boksi la tyubu ni kubwa na ndani ni hewa na povu, na hapo wachajiwa nafasi si uzito. Muuzaji wa Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, ameshalipa hayo yote, wewe waongeza tu parseli ya basi.

Hatua ya 8. Nani abeba ikivunjika

Uliza kabla hujatuma M-Pesa, na uulize kwa ujumbe si kwa simu ili jibu libaki: ikifika imepasuka, pesa ni ya nani? Asiyejibu, ongeza bei ya tyubu nyengine juu ya bei yake. Boksi likifika fungua pale pale kwenye ofisi ya basi huku mtu arekodi video, usisaini kwanza, kagua kioo cha ndani kwenye maungio ya ncha zote mbili.

Mimi kwa sasa: vioo na skrubu naagiza kwa kilo, driva na adapta nanunua Nairobi, miwani nalipa bei yoyote, na tyubu nachukua kwa mtu niliye na uwezo wa kwenda kugonga mlango wake.