Benchi la kupimia kioo cha darubini kwa wembe na bolti ya M6

Wakuu, kioo changu cha kwanza cha darubini nilikiharibu kwa papara. Kipenyo milimita 150, nimekisugua mwenyewe hapa Mbeya mwezi wa saba, baridi ile mnayoijua, jiko la mkaa miguuni, na kila nikimaliza kusugua nakipima hapohapo kikiwa bado na joto, naona kilima katikati, nakisugua, kesho kilima tena, nasugua, wiki mbili nzima. Kilipopoa vizuri nikakuta kilima hakuna, kuna shimo. Kwaiyo benchi hili usiliweke chumba chenye jiko.

Hatua ya 1, msingi. Nilianza na ubao wa paini wa Mafinga, bei poa ila ulikuwa mbichi, ukajipinda wenyewe. Sasa natumia skweapaipu ya milimita 40, urefu mita 2.6, nimeilaza juu ya viroba vitatu vya mchanga kwenye sakafu ya saruji. Mchanga unameza mtikisiko, maana hata mtu akipita koridoni kivuli utakachokisoma kwenye kioo kinacheza.

Hatua ya 2, stendi ya kioo. Ubao wa kusimama, misumari miwili chini kioo kikalie, uivalishe mpira wa tyubu ya baiskeli. Kiegemee nyuma kidogo tu, usikibane, kikibanwa kinapinda afu unapima makosa ya stendi. Nyuma weka bolti moja ya kukiinamisha.

Hatua ya 3 ndo yenyewe. Chukua LED ya tochi mbovu, mbele yake gundisha nyembe mbili zitazamane, ziache mwanya mwembamba kama unywele. Sentimita mbili tatu pembeni simamisha wembe wa tatu, huo ndo unakata mwanga, na makali yake yawe sambamba na mwanya la sivyo hutaelewa kitu. Wembe huu unakaa kwenye kiubao kinachosukumwa mbele na bolti ya M6 (unene milimita 6), raba inakirudisha nyuma, na bolti nyingine inausogeza kushoto kulia. M6 ya kawaida mzunguko mmoja ni milimita 1, kwaiyo nikabandika mfuniko wa ndoo ya rangi kichwani mwa bolti nikaugawa sehemu 20, kila mstari milimita 0.05. LED yenyewe haisogei.

Hatua ya 4, zima taa, shika karatasi nyeupe pembeni ya mwanya, cheza na stendi mpaka mwanga urudi kwenye karatasi, afu sogeza mpaka picha ya mwanya iwe kali. Pima kwa tepu mpaka kwenye kioo. Changu ni mita 2.4, nusu yake, mita 1.2, ndo umbali wa fokasi, yani toka kioo mpaka pale mwanga wa nyota unapokutana.

Hatua ya 5, weka jicho nyuma ya wembe, kioo kinajaa mwanga kama mwezi mpevu. Ingiza wembe taratibu toka kushoto. Giza likianzia kushoto uko karibu mno na kioo, likianzia kulia umepita. Kioo kizima kikififia kwa pamoja, uso wake ni tufe safi, kama kipande cha ndani ya mpira. Ukishakipeleka kwenye parabola, umbo ambalo darubini inalitaka, kivuli kinakuwa kama donati, na ukingo unafokasi mbali zaidi kuliko katikati: nusu kipenyo mara yenyewe, gawa kwa ule umbali wa tepu. Kwangu 75 mara 75 gawa kwa 2400, milimita 2.34, mizunguko miwili na kidogo ya bolti. Njia ni ya Mfaransa Léon Foucault, mwaka 1858, na wembe bado ni bei ya pipi.

Kabla hujaamini unachokiona, bandika kidole kwenye kioo dakika moja (kama bado hujakipaka fedha), kitoe, uchungulie tena. Utaona kichuguu palepale kidole kilipokuwa, kimesimama kabisa, kinachukua muda kuzama. Mi sasa hivi nikisugua jioni napima asubuhi.