Somo: Kipimo cha maji kikikudanganya kwenye kizimba cha samaki, anza hapa

Ndugu wafugaji, hodi. Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu wenye lalamiko moja: mashine ya kupima maji inasema hivi, samaki wanasema vingine. Nimeona niandike somo zima, maana hili lilinigharimu samaki na sitaki limgharimu mwingine.

Mimi nafuga sato kwenye vizimba ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Luchelele, Mwanza. Mashine yangu inapima oksijeni, pH (uchachu wa maji) na joto kila baada ya dakika 15 na kutuma namba kwenye simu. Niliiwekea kengele ilie oksijeni ikishuka chini ya miligramu 4 kwa lita. Asubuhi moja, ziwa limetulia tuli na maji ya kijani, nikafika na mtumbwi nikawakuta samaki wote juu, midomo wazi, wanatweta. Simu inasoma 4.1. Kengele kimya. Nilikuja kugundua makosa mawili, na yote yalikuwa yangu kuyazuia. La kwanza, mashine ilidhani ipo usawa wa bahari, jambo nitakalolieleza hatua ya 4. Hiyo 4.1 ilikuwa kwa kweli kama 3.6. La pili, nilikuwa nimening'iniza sensa nje ya kizimba, kwenye maji yanayopita, wakati katikati ya samaki hali ni nyingine kabisa. Niliposhusha kipimo cha mkono katikati nikapata 1.9. Siku ile tulitoa samaki waliokufa ndoo nne.

Kwa hiyo fuata hatua hizi, na usiruke ya kwanza.

Hatua ya 1. Usiguse kitu, andika kwanza. Namba, saa, upepo, rangi ya maji, na samaki wanafanya nini. Ukishaosha sensa, ushahidi umekwenda na maji. Na kama samaki wanatweta, acha mashine: simamisha chakula, washa pampu ya hewa, halafu ndiyo urudi kwenye namba.

Hatua ya 2. Ipe mashine maji ambayo jibu lake unalijua. Hapa ndipo penye siri yote. Ziwa hulijui jibu lake, ndiyo maana unalipima. Ndoo unalijua. Chukua ndoo ya maji safi, weka pampu ndogo ya hewa ipige mapovu nusu saa, kisha zamisha sensa huku ukiitikisa taratibu, mapovu yasiiguse. Maji yakiwa na nyuzijoto 25, hapa Mwanza unatakiwa uone karibu 7.2 miligramu kwa lita. Yakiwa na joto zaidi, namba inashuka kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiona 8.2 au 8.3, umeshajua ugonjwa: nenda hatua ya 4.

Kisha jaribu upande wa sifuri. Kwenye glasi ya maji yeyusha kijiko cha sodiamu salfaiti, inauzwa kwenye maduka ya kemikali za maabara. Inakula oksijeni yote. Zamisha sensa, subiri dakika chache. Ikigoma kushuka na kubaki kwenye 1 au zaidi, utando (ngozi nyembamba ya sensa inayopitisha oksijeni) umechanika au kofia ya sensa imechoka. Ukimaliza suuza sana, usirudishe salfaiti ziwani kwenye samaki.

Hatua ya 3. Osha. Sensa inayokaa ndani ya ziwa letu wiki mbili inavaa koti. Toa ya kwako uiangalie kwenye jua: utaona ute wa kijani, konokono wadogo kama punje za mtama, na wakati mwingine mabaki ya wale wadudu wanaotanda juu ya ziwa kama moshi. Ute huo ni kitu hai. Mchana mwani wake unatoa oksijeni palepale kwenye utando, usiku unaivuta. Mashine haipimi ziwa tena, inapima koti lake.

Tumia mswaki laini wa mtoto na maji yenye sabuni kidogo ya vyombo. Kama sensa yako ni ile ya mwanga, yenye kofia, usiguse kwa spiriti wala petroli, utaiua. Kwa glasi ya pH yenye ute sugu, jiki kidogo ndani ya maji mengi, dakika chache, kisha suuza vya kutosha. Jiki usiichanganye kamwe na siki wala asidi yoyote, hewa yake ni sumu. Kipindi maji yakiwa ya kijani mimi naosha kila siku nne. Miezi ya upepo, Juni mpaka Agosti, siku kumi zinatosha.

Hatua ya 4. Iambie mashine ipo wapi. Mashine nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa mwinuko sifuri, kama vile wote tunaishi Dar es Salaam. Ziwa Victoria lipo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi, na maji hubeba oksijeni kwa kadiri hewa inavyoyakandamiza. Maji ya nyuzijoto 25 yakishiba oksijeni pwani yanabeba karibu 8.3, yakishiba huku kwetu yanabeba 7.2. Mashine isiyojua hilo inakuongezea karibu miligramu moja wakati maji yameshiba, na kiasi kama cha asilimia 14 kwa kila namba inayokupa. Kwenye 4 hiyo ni nusu nzima, na nusu hiyo ndiyo iliyoninyamazishia kengele.

Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya mwinuko, andika 1134. Nyingine haziulizi mwinuko, zinauliza mgandamizo wa hewa. Hapo kuna mtego uliowanasa hata mafundi: ukichukua namba kutoka programu ya hali ya hewa kwenye simu utapata kama hektopaskali 1,014. Hiyo imeshahesabiwa kana kwamba upo baharini. Mgandamizo halisi wa Mwanza ni karibu 885. Andika huo.

Nilimuuliza aliyeniuzia mashine kwa nini hakunieleza. Akasema wateja wake wengi wako pwani. Sikumlaumu sana, lakini tangu siku hiyo kila anayenunua mashine mpya namwambia swali la kwanza dukani liwe hilo.

Hatua ya 5. pH. Nunua bafa mbili (maji ya dukani ambayo pH yake inajulikana), ya 7 na ya 10, kwa kuwa maji yetu kwa kawaida yako juu ya 7, na mchana wa mwani mwingi yanaweza kufika 9. Bafa ya 4 na ya 7 peke yake zitakupimia upande ambao maji yako hayapo. Suuza elektrodi (ile glasi ya pH) kwa maji ya betri kati ya bafa moja na nyingine. Nasema yale ya kuongezea, siyo makali! Soma chupa mara mbili. Futa kwa kugusisha karatasi laini, usisugue.

Kama mashine inaonyesha milivolti, ziangalie hizo kuliko pH yenyewe. Kwenye bafa ya 7 iwe karibu na sifuri, ikizidi 30 juu au chini, shaka. Kutoka bafa ya 7 kwenda ya 10 elektrodi nzima inatembea karibu milivolti 178. Ikitembea chini ya 160 imezeeka, na hakuna kalibresheni itakayoirudishia ujana. Bafa ya 10 ikikaa wazi inanyonya hewa ukaa na kushuka, kwa hiyo mimina kidogo, tumia, mwaga. Usirudishe chupani. Elektrodi ihifadhi kwenye maji yake ya chumvi ya potasiamu. Maji ya betri ni ya kusuuzia, ukiilaza humo unaiharibu.

Na uwe na subira. Maji ya Victoria yana chumvichumvi kidogo sana, na glasi ya pH inachelewa kutulia kwenye maji ya namna hiyo. Ipe dakika tatu au nne kabla hujaandika.

Kwa nini nasisitiza pH? Kwa sababu ya amonia. Mashine zinazotumia dawa ya rangi zinapima amonia yote, halafu zinakokotoa ile ya sumu kwa kutumia pH na joto. Kwa nyuzijoto 25, pH ikiwa 8 sehemu ya sumu ni kama asilimia 5. Ikiwa 8.5 ni kama asilimia 15. Kosa la nusu tu kwenye pH linaifanya sumu ionekane mara tatu, au lifiche theluthi mbili yake.

Hatua ya 6. Mahali. Ndani ya kizimba, katikati, chini kidogo ya nusu ya kina cha wavu. Sensa za utando zinahitaji maji yatembee, kwa maana zenyewe zinakula oksijeni. Maji yakisimama zinasoma chini. Usiifunge kwenye chuma wala karibu na bomba la mapovu.

Waya na umeme nitavigusa kwenye maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Igombe: Shikamoo mwalimu. Yangu kila mchana inafika 11, alfajiri inashuka 2. Lakini samaki wanakula vizuri, hawapandi juu. Ni maji au ni mashine?

Marahaba kaka. Inaweza kuwa vyote viwili, maana maji ya kijani kweli hupanda mchana kupita kiwango cha kushiba. Fanya hivi: kesho saa 8 mchana soma, andika, toa sensa, osha, rudisha palepale ndani ya dakika kumi, soma tena. Tofauti utakayopata ni ya ute. Kinachobaki ni cha ziwa. Uje utuambie.

Mama wa vifaranga, Sengerema: Mwanangu, mimi nazalisha vifaranga kwenye matangi. pH iko 7.8 imetulia, pampu ikiwaka tu inaruka 8.4, ikizimwa inarudi. Fundi ameshabadilisha elektrodi, bado.

Shikamoo mama. Elektrodi haina kosa. Kuna umeme unaovuja kwenye maji kutoka kwenye pampu, na elektrodi ya pH inasikia hata umeme mdogo sana. Tafadhali usitie mkono kwenye tangi pampu ikiwaka. Chukua maji ya tangi kwenye chupa ya plastiki, pima nje ya tangi pampu ikiwa inafanya kazi. Ukipata 7.8, pampu ndiyo mgonjwa. Ibadilishe, na umwambie fundi wa umeme akague waya wa ardhini wa jengo zima. Hili ni la usalama wa watu kabla ya kuwa la vipimo.

Kijana wa Ukerewe: Bro, grafu yangu inaonyesha oksijeni chini kabisa 03:00, yaani saa 9 usiku. Mlinzi namwamsha saa 9, hakuna kitu. Saa 12 asubuhi samaki wako juu.

Mdogo wangu, saa ya mashine yako iko kwenye majira ya dunia, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Hiyo 03:00 yake ndiyo 06:00 yetu, yaani saa 12 asubuhi kamili. Oksijeni huwa chini kabisa karibu na mapambazuko, kwa hiyo grafu yako ni nzuri, ni saa tu. Badilisha kwenye mipangilio. Na kwenye daftari muandike wote kwa mtindo mmoja, nimeshaona ukurasa mmoja una "6", "06:00" na "saa 12" na zote ni alfajiri ileile.

Mwanachama wa Tanga: Mimi sifugi sato, nina tangi la maji ya bahari lenye matumbawe hotelini. Mashine ya kupima alkali (uwezo wa maji kumeza asidi) inaruka, jana dKH 7.2, leo 9. Somo hili linanihusu?

Linakuhusu sana, na karibu. Mashine yako inavuta maji kiasi maalumu, inadondoshea asidi na kuhesabu matone mpaka pH ifike inapotaka. Kwa hiyo waongo ni watatu: pampu, asidi na elektrodi. Anza na pampu. Iamrishe itoe mililita 10 kwenye mzani wa gramu, mara tano. Isome karibu gramu 10 kila mara. Ikitofautiana, mrija umechoka au kuna povu ndani. Povu kwenye mrija wa asidi linafanya mashine ihesabu asidi ambayo haikudondoka, na namba inapanda, kama yako.

Kisha tengeneza maji unayoyajua. Gramu 8.4 za bikaboneti ya soda halisi, siyo pauda ya kuumulia keki iliyochanganywa, kwenye lita moja ya maji ya betri. Chukua mililita 25 za hayo, ongeza maji ya betri mpaka lita moja. Yanatakiwa yasome 7 kwa kipimo chako, karibu sawa na bahari yenyewe. Usimwage dawa yoyote ya kupandisha wala kushusha alkali kwenye matumbawe mpaka uone hiyo 7.

Mwanachama wa Igombe: Mwalimu, nimerudi. Saa 8 mchana kabla ya kuosha 10.9. Baada ya kuosha 8.1. Joto 27. Konokono nimewatoa wengi.

Hongera kaka. Basi 8.1 ndiyo ya ziwa, ni mchana wa mwani, na 2.8 ilikuwa koti. Sasa rudia alfajiri kabla jua halijatoka, hiyo ndiyo ninayoitaka zaidi. Na mwinuko umeshaandika?

Mwanachama wa Igombe: Bado ilikuwa sifuri. Naiweka sasa hivi.

Ukishaiweka hiyo 8.1 itashuka mpaka kama 7. Usishtuke.