Jinsi ya kutunga wimbo wa kisa kwa gitaa kavu

Demo nyingi za nyimbo za visa ninazosikiliza zina tatizo moja, kisa chenyewe hamna, kuna naumia naumia beti tatu alafu kiitikio. Wimbo wa kisa lazima mtu atoke mahali, afanye kitu, na mwisho mambo yasibaki kama yalivyoanza.

Kwaiyo chagua tukio moja. Sio maisha yote ya mtu, tukio moja, siku moja ikiwezekana, watu wawili au watatu basi. Msikilizaji hana karatasi mbele yake ya kurudi nyuma aangalie huyu nani tena.

Alafu shika kipimo. Nyimbo za zamani za visa za Uingereza na Uskoti, zile 305 alizozikusanya profesa Francis James Child wa Marekani, nyingi zinaenda mistari 4 kila ubeti, mrefu mfupi mrefu mfupi, na ndo hizo za asili bendi ya Uingereza ya Fairport Convention ilizipigia magitaa ya umeme mwaka 1969. Sisi tuna utenzi, na kwa Kiswahili unakaa vizuri zaidi: kila ubeti vipande 4, yaani mistari 4, mizani (silabi) 8 kila kimoja, vitatu vya kwanza vinaishia kwa kina kimoja, cha nne kwa kina chake kinachorudi kila ubeti mpaka mwisho. Utendi wa Tambuka, utenzi wa zamani wa 1728, umebeba vita nzima kwa kipimo hichohicho, beti zaidi ya elfu moja, sasa kisa chako cha dakika nne kitashindwaje kuenea? Angalia huu nimetunga wa mvuvi:

Bahari imetulia,
mkewe akamwambia,
chai nakubakizia,
urudi mapema, Juma.

Hesabu kwa vidole, ni nane nane. Na hapo sijasema mke anampenda, chai imesema.

Hapa ndo penye utamu wenyewe sasa. Ule mstari wa nne ufanye kibwagizo, usibadilishe hata neno, badilisha kinachotokea juu yake. Ubeti wa kwanza ni mke anaaga mumewe. Wa tatu upepo umegeuka, maneno yaleyale yanaanza kutisha. Wa mwisho kikombe bado kimefunikwa kisahani, giza limeingia, mke yuko ufukweni anaiambia bahari "urudi mapema, Juma" na wewe hujataja kifo popote. Ukitaja umeharibu, nakwambia kweli.

Katikati ruka. Usieleze alivyotweka tanga, alivyokula, alivyofika kwenye mwamba, toka mlangoni nenda moja kwa moja kwenye upepo, msikilizaji atajaza mwenyewe. Ila ukifika penye maumivu kaa hapo, hata beti mbili nzima kwenye kikombe tu. Na waache watu waongee wenyewe, "akamwambia" moja inatosha, ubeti unaofuata mwingine anajibu bila kutambulishwa, sauti yako ibadilike kidogo tu.

Gitaa lisishindane na maneno. Kodi (chords) tatu zinatosha, C, F na G. Msikilize Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, yule ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952, dole gumba na kidole cha shahada tu lakini gitaa linatembea kama mtu yuko safarini. Mi napenda kupunguza mpaka uzi mmoja ubeti wa mwisho, wengine wanaongeza, ila kwa kisa cha msiba kupunguza kunauma zaidi.

Ukimaliza usikimbilie studio. Muimbie mtu mmoja, mama, jirani, yoyote, mara moja tu, alafu kesho yake muombe akusimulie kile kisa kwa maneno yake. Ubeti ambao hakuusimulia na kisa bado kimesimama, utoe. Alipochanganya nani kasema nini, paandike upya, kisha umuimbie mwingine ambaye hajausikia.