Kukata bima ya makosa ya kitabibu kwenye kampuni ya madaktari Marekani: anza na tarehe

Kampuni za bima zinazomilikiwa na madaktari wenyewe zilishamiri Marekani katikati ya miaka ya 1970, pale kampuni za kibiashara zilipopandisha ada ghafla au kufungasha virago. Madaktari wakachanga mtaji, wakakatiana bima wao kwa wao. The Doctors Company ya California, iliyoanzishwa 1976, ni mojawapo. Lakini neno "ya madaktari" lisikulaze usingizi: PIE Mutual ya Ohio nayo ilikuwa ya madaktari, na ilivunjwa 1998 kwa kushindwa kulipa madeni.

Fungua ukurasa wenye jina lako na viwango vya bima, utafute tarehe ya kuanzia kinga. Hati nyingi za aina hii huangalia dai limeletwa lini, si upasuaji umefanyika lini, na upasuaji uliotangulia tarehe hiyo haumo. Tuseme ulianza kazi 1 Julai 2021, ukahamia kampuni nyingine Julai 2025, nayo ikaandika 1 Julai 2025. Mgonjwa uliyempasua Februari 2023 akikushtaki 2026, kampuni ya zamani itasema mkataba umekwisha, na mpya itasema tukio ni la kabla yake. Utalipa mwenyewe. Dawa ni mbili: kampuni mpya ikubali tarehe ya 2021, au ununue "mkia" kwa kampuni ya zamani, yaani kinga ya ziada kwa madai yatakayoletwa baada ya mkataba kwisha. Mkia hugharimu takriban mara mbili ya ada ya mwaka mzima iliyokomaa (iliyokwisha kupanda hadi kiwango chake kamili), hivyo mwenye ada ya dola 40,000 ajiandae kwa 80,000 hivi, tena kwa mkupuo. Dirisha la kuununua ni fupi, mara nyingi siku 30 hadi 60. Kwenye mkataba wa ajira, andikisha nani ataulipa siku ukiondoka. Ukishaaga, hutakuwa tena na nguvu ya kulidai hilo.

Ada ya mwaka wa kwanza huwa ndogo, na wengi hudhani wamepata nafuu. Sababu ni kwamba madai huchelewa, kwa hiyo mwaka wa kwanza hubeba machache. Hupanda kila mwaka hadi kukomaa, kwa kawaida mwaka wa tano. Unapolinganisha kampuni, linganisha ada ya mwaka wa tano.

Kuhusu umiliki wenyewe, uliza mambo mawili kwa maandishi: je, wanachama wanaweza kutozwa nyongeza hesabu zikienda mrama? Na mchango wa mtaji unaotoa unapojiunga, hurudishwa lini ukitoka? Kama ni kikundi cha kubeba hatari pamoja chini ya sheria ya shirikisho ya 1986, hati lazima iwe na onyo kwamba mfuko wa dhamana wa jimbo hautakuokoa kikundi kikifilisika. Wengi hulipita wakidhani ni maandishi ya kawaida ya wanasheria.

Kiwango cha kawaida ni dola milioni 1 kwa dai na milioni 3 kwa mwaka. Hakikisha gharama za mawakili haziliwi humo.

Kisha kifungu cha ridhaa. Kampuni ikilipa kwa niaba yako hata kiasi kidogo, taarifa hupelekwa kwenye benki ya taifa ya kumbukumbu za watoa huduma, na hospitali huiangalia kila unapoomba kibali cha kufanya kazi kwao. Kwa hiyo dai lisimalizwe bila saini yako. Jihadhari na kifungu kinachosema ukikataa suluhu ya dola 150,000 na mahakama ikatoa 600,000, kampuni italipa 150,000 tu.

Barua ya wakili inayoomba faili la mgonjwa ikifika, ijulishe kampuni siku hiyohiyo, kwa sababu baadhi ya hati huhesabu dai tangu taarifa hiyo. Faili usiliguse, hata kusahihisha tahajia. Mfumo wa kompyuta hutunza saa na dakika ya kila badiliko, na wakili wa upande wa pili ataliomba.