Wiki ya bundi na mwanangu wa miaka mitano

Anza na bibi wa mtoto kabla ya bundi. Mimi niliruka hatua hiyo nikajuta. Namfundisha mwanangu nyumbani, hapa Pasua, Moshi, na siku niliyomtangazia kwamba wiki ijayo ni ya bundi, mama mkwe alikuwa sebuleni anachambua maharage. Akasimamisha mkono. "Mama, huyo ndege haitwi nyumbani." Bundi akilia juu ya paa, wazee wanaanza kuhesabu wagonjwa wa ukoo. Usibishane naye mbele ya mtoto. Mwombe asimulie aliyoyasikia utotoni, mtoto asikilize mpaka mwisho, halafu mwambie: hayo ndiyo yasemwayo, sasa twende tukamwone mwenyewe anafanya nini.

Tenga siku tano, nusu saa kila siku. Ukizidisha utakuwa unajifunza peke yako.

Kwanza tafuteni mahali bundi anapolala, mchana. Msihangaike kuangaza juu, tazameni chini: michirizi myeupe ukutani, na madonge ya kijivu, ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Sisi tuliyapata kwenye ghala kuukuu la mahindi, mlinzi alituruhusu baada ya kutucheka vya kutosha. Wa maghalani ni yule mwenye uso wa umbo la moyo, na sauti yake ni ukelele kama kitambaa kinachochanwa. Mlio wa "huu-huu" ni wa bundi wengine.

Donge hilo si kinyesi, na ndilo somo lenyewe. Bundi humeza panya mzimamzima. Nyama inasagika tumboni, mifupa na manyoya yanabaki, yanajikunja pamoja, kisha anayatapika. Usimpe mtoto donge bichi. Liokote kwa glavu, lifunge kwenye foili, lipashe kwenye oveni nyuzi 160 kwa dakika 40. Oveni sina. Jirani anayeoka keki aliniazima yake kwa sharti nifunge foili mara mbili na nisimwambie mteja wake yeyote.

Liloweke kwenye maji ya vuguvugu, liweke juu ya sahani nyeupe ambayo hamtaitumia tena kwa chakula, mpe vijiti vya meno, kisha nyamaza. Hapo mimi huharibu kwa kueleza mno. Mwanangu alivuta manyoya taratibu, ukatokea ubavu mwembamba kama sindano, halafu taya lenye jino refu la rangi ya chungwa. Akalitazama muda mrefu. Akakuta na vipingili vidogo vimefuatana. "Amekula mpaka mkia?" Mpaka mkia. Sabuni mikononi, mara mbili.

Siku mbili zinazofuata ni michezo. Mshikishe mirija miwili ya karatasi ya chooni machoni: macho ya bundi hayazunguki, kwa hiyo lazima ageuze kichwa. Sisi tuna pingili 7 za shingo, yeye 14, na anageuka nyuzi 270. Kisha mfunge macho kwa kitambaa, tikisa mahindi ndani ya kopo ukiwa kona mbalimbali za chumba, aonyeshe kwa kidole. Mweleze kwamba sikio moja la bundi huyu liko juu kidogo ya jingine, ndiyo maana anamkamata panya gizani kwa kusikia tu.

Ya mwisho ni kumsubiri atoke. Mara ya kwanza nilimpeleka saa tatu usiku, akalala mgongoni kwangu kabla hatujafika. Nendeni saa kumi na mbili na nusu jioni, jua likizama, mkae mbali na mlango wake. Msimmulike tochi, na msimpigie sauti za bundi kwenye simu, mnamsumbua bure. Wetu alitoka giza lilipoanza kuingia, akapita juu yetu bila kusikika hata kidogo. Kingo za manyoya yake ni laini, zinameza mlio.

Mifupa tuliibandika kwa gundi kwenye kadibodi: mafuvu matatu. Bibi aliyahesabu mwenyewe, akauliza kama ni ya panya wale wale wanaomaliza mahindi. Halafu akasema hiyo kadibodi ilale kibarazani. Ikalala kibarazani.