Kutengeneza Tuta la Maua Mahali Penye Ukoka

Mtu anayetaka kupanda waridi au zinia mahali ambapo kwa miaka mingi pameota ukoka hana budi kuelewa kwanza kwamba majani anayoyafyeka kila wiki ni sehemu ndogo tu ya nyasi hizo. Chini yake kuna mashina meupe yanayotambaa ndani ya udongo, mengine hadi kina cha sentimita 30, na kila pingili ya mashina hayo inaweza kutoa mizizi na chipukizi jipya hata ikibaki peke yake.

Tuta langu la kwanza, hapa Arusha, nililitayarisha kwa jembe la kawaida. Niliukatakata ukoka, nikauchanganya na udongo, nikamwaga samadi, nikapanda siku hiyo hiyo na kujisifu. Wiki ya tatu ya masika tuta lote lilikuwa la kijani, lakini si kwa zinia: jembe lilikuwa limekata kila shina vipande vipande, nami nilikuwa nimevipanda vyote na kuvitilia mbolea. Tangu hapo jembe la bapa halikanyagi tuta jipya mpaka ukoka uwe umekwisha kutolewa.

Wakati mzuri wa kuanza ni kiangazi cha Januari na Februari, ili mashina yanayong'olewa yakaushwe na jua na tuta liwe tayari mvua za Machi zitakapoingia. Hata hivyo, udongo uliokauka kama tofali hauchimbiki vizuri, na mashina hukatikia ndani. Mwagilia eneo hilo siku mbili kabla ya kazi, kisha chukua udongo kidogo na uufinye kiganjani: ukishikamana, halafu ukavunjika unapougusa kwa kidole, uko sawa, ukibaki donge linalonata, subiri.

Tandaza mpira wa maji juu ya nyasi kuonyesha umbo la tuta, usimame barazani uliangalie, kisha uweke alama kwa vijiti na kamba. Tuta linalofikiwa kutoka pande zote mbili lisizidi upana wa mita 1.2, na lile lililoegemea ukuta lisizidi sentimita 60 au 70, kwa sababu kila utakapolazimika kulikanyaga ili upalilie utakuwa unaushindilia udongo ulioulainisha kwa jasho. Kabla ya kuchimba, uliza mabomba ya maji na nyaya za umeme zimepita wapi; katika nyumba nyingi mabomba yamefukiwa juu juu mno.

Kata mstari wa mpaka kwa beleshi lenye makali, kisha gawanya eneo katika vipande vya mraba vya sentimita 30 na uvibandue kwa kupitisha beleshi kwa ulalo, sentimita tano hadi nane chini ya majani. Kung'uta udongo wa vipande hivyo urudi tutani, maana ndio udongo bora kuliko wote ulio nao. Vipande vizuri vinafaa kuziba vipara kwingineko uwanjani. Vilivyobaki vianikwe juu ya sakafu ya saruji mpaka vikauke kabisa ndipo viingie katika shimo la mboji, la sivyo vitaota humo humo.

Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Chukua uma wa bustani au jembe la meno, lizamishe lote, sukuma mpini nyuma taratibu mpaka udongo upasuke, kisha uweke kifaa kando na utumie vidole. Utaona shina jeupe, gumu, lenye ncha kali kama sindano. Usilivute kwa pupa. Lifuate pingili kwa pingili, ukilegeza udongo mbele yake, mpaka litoke zima. Ukisikia limekatika, rudi ukalitafute. Mita moja ya mraba inaweza kukuchukua saa nzima, na sioni aibu kukushauri uanze na tuta dogo. Ukikuta ndago, kung'oa majani yake hakusaidii. Chimba mpaka uvipate vile viazi vyake vidogo vyeusi, vilivyounganishwa kwa nyuzi kama shanga.

Wapo wanaoshauri kutandaza maboksi juu ya nyasi na kusubiri zife zenyewe. Kwetu mchwa mara nyingi huyamaliza maboksi kabla nyasi hazijafa, na ukoka hutambaa chini yake hadi ukapata mwanga pembeni. Nailoni angavu iliyotandazwa juu ya udongo ulionyweshwa maji, kingo zake zikafukiwa, na kuachwa juani wiki nne hadi sita inafaa zaidi kwa kuua mbegu za magugu, lakini haitoshi kwa mashina yaliyo chini sana.

Baada ya kusafisha, mwaga madebe mawili ya lita 20 ya samadi iliyooza vizuri au mboji kwa kila mita ya mraba, ambayo ni tabaka la takriban sentimita nne, na uichanganye na udongo hadi kina cha sentimita 20 au 25. Samadi mbichi huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu. Sawazisha kwa reki, mwagilia, kisha usipande chochote kwa wiki mbili au tatu. Udongo utatulia, na vipande ulivyovisahau vitajionyesha kwa majani membamba ya kijani. Kila kimoja king'olewe kwa uma pamoja na shina lake.

Katika muda huo chimba mfereji mwembamba wenye kina cha sentimita 15 kati ya tuta na nyasi zilizobaki, ukuta wake wa upande wa nyasi ukiwa wima. Matofali yaliyolazwa juu ya ardhi yanapendeza, lakini ukoka hupita chini yake. Wakati wa mvua pitia mfereji kila baada ya wiki mbili ukate mashina yaliyoanza kuvuka. Siku ya kupanda iwe jioni au siku ya mawingu, na matandazo ya majani makavu yasigusane na mashina ya miche.